Sifa Isiyofika Kooni

Neno soprano, lililotoka Italia na lenye maana ya kilicho juu, limezoeleka katika kwaya za kanda ya Ziwa kiasi kwamba katika makanisa ya Buswelu, Kisesa au Nyakato hakuna anayeuliza tafsiri yake: ni wanawake wanaoimba sauti ya kwanza, ile inayopita juu ya alto, tenor na besi, na ambayo mara nyingi ndiyo hubeba lahani ya wimbo huku sauti nyingine zikiitandikia. Hata hivyo, mtu akitoka kanisani na kuulizwa kwa nini soprano fulani amemgusa, jibu huwa fupi, kwamba ana sauti ya malaika, au ana sauti kama kinanda, au ameimba mpaka watu wakalia. Na majibu hayo, ingawa ni ya kweli, humweleza msikilizaji zaidi ya yanavyomweleza mwimbaji. Makala haya yanachunguza namna sauti ya juu ya mwanamke inavyosifiwa, kwanza katika opera ya Ulaya, ambako kuhakiki sauti kumekuwa kazi ya kulipwa kwa muda mrefu, na kisha katika Afrika Mashariki, ambako Siti binti Saad alisifiwa kuliko mwanamke mwingine yeyote aliyeimba kwa Kiswahili katika zama zake. Na hoja yake ni kwamba pande zote mbili sifa ina mazoea ya kuzunguka sura, mavazi, umri na maisha ya mwimbaji, ikaishia hapo bila kufika kooni.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema, wakisindikizwa na okestra. Ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 16, na Orfeo ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607, ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa ambazo hadi leo bado zinachezwa. Jambo moja linaitenga na muziki mwingi unaosikika Mwanza siku hizi, nalo ni kwamba mwimbaji wake hatumii kipaza sauti, hata katika ukumbi kama wa Metropolitan Opera wa New York unaochukua watu takribani 3,800. Sauti lazima ipite juu ya okestra nzima kwa nguvu ya mwili peke yake, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya sifa anazopewa soprano wa opera, zinapotolewa na mtu anayejua anachokisikia, ni sifa za ufundi wa mwili.

Ufundi huo una mambo yanayoweza kutajwa. La kwanza ni pumzi, yaani uwezo wa kuigawa hewa ya mapafu kidogo kidogo hadi mwisho wa sentensi ndefu ya muziki bila sauti kutetereka. Kisha ni usawa, yaani sauti kupanda kutoka chini hadi juu bila msikilizaji kuhisi mahali ilipounganishwa, kama nguo iliyoshonwa na fundi asiyeacha alama ya mshono. Kuna pia kile Waitaliano wanachokiita legato, ambacho ni kuziunganisha noti zishikane mkono badala ya kukatika moja moja, na koloratura, ambayo ni mbio za noti ndogo ndogo zinazopanda na kushuka juu ya silabi moja, kila noti ikisikika peke yake. Juu kabisa ya ngazi ya soprano ipo noti ambayo, ili itoke, nyuzi za sauti za mwimbaji hufunguka na kufungika zaidi ya mara 1,000 katika sekunde moja, na hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo wataalamu wa fizikia ya sauti, akiwamo Johan Sundberg wa Uswidi aliyelitafiti tangu miaka ya 1970, wamelieleza vizuri: ili noti hiyo ivume, soprano hulazimika kushusha taya na kupanua kinywa, na kinywa kikishapanuka hivyo vokali hupoteza tofauti zake, i na u zikaanza kusikika kama a. Maneno yanazama ili sauti ielee. Mhakiki wa opera amezoea kulisamehe hilo, na kumbi nyingi za opera siku hizi huonyesha maneno kwenye ubao wa juu ili watazamaji wayasome. Msikilizaji wa Kiswahili, kama itakavyoonekana mbele, hasamehi.

Kwa kipimo cha mambo hayo, soprano aliyewashangaza wahakiki wa karne ya 20 kuliko wengi alikuwa Maria Callas, Mgiriki aliyezaliwa New York mwaka 1923, ambaye mnamo Januari 1949 katika jumba la La Fenice, Venice, aliimba nafasi ya Brünnhilde katika opera ya Wagner, inayodai sauti nzito kama ya tarumbeta, na baada ya siku chache tu, kwa kuziba pengo la mwenzake aliyeugua, akaimba nafasi ya Elvira katika I puritani ya Bellini, inayodai sauti nyepesi na koloratura ya hali ya juu. Sauti za namna hizo mbili hukutana mara chache sana katika koo moja, na waliolisifu tukio hilo walikuwa na kitu halisi cha kusifu. Lakini miaka michache baadaye Callas alipopungua mwili, magazeti yalijaa habari za uzito wake, na baadaye tena habari za uhusiano wake na tajiri wa meli Aristotle Onassis, hata watu wasioweza kutaja opera moja aliyoimba wakawa wanamfahamu vizuri kama mwanamke aliyekonda na kuachwa.

Mwenendo huo haujaisha. Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1985 katika mji wa Piet Retief, alishinda shindano la kimataifa la Operalia mwaka 2011, akaingia Metropolitan Opera kwa mara ya kwanza Januari 2013 katika nafasi ya Adèle aliyopewa kwa taarifa ya muda mfupi, na tarehe 6 Mei 2023 akaimba katika kanisa la Westminster, London, wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu, akiwa Mwafrika wa kwanza kuimba peke yake katika sherehe ya namna hiyo. Katika maongezi yaliyofuata, gauni lake la manjano lilipewa nafasi kubwa pengine kuliko wimbo wenyewe. Gauni lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Ila gauni halikuimba.

Katika nchi ya Wasukuma kipimo cha kumsifu mwimbaji ni cha zamani, na hakikuhitaji magazeti. Mashindano ya mbina, yaani ngoma, ambayo hupamba moto baada ya mavuno, huyakutanisha makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo mapokeo yanayahusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Makundi hayo hayachezi kwa zamu bali kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huwa huru kuhama kutoka upande huu kwenda ule, hadi mwisho kundi lenye umati mkubwa zaidi likahesabiwa kuwa limeshinda. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alijenga kituo cha utamaduni wa Kisukuma tangu miaka ya 1950, mashindano hayo yameunganishwa na sikukuu ya Bulabo ya mwezi Juni. Mhakiki wa mbina, kwa hiyo, huandika hukumu yake kwa miguu, na hukumu hiyo ina ukweli mkali ambao mhakiki wa opera wa Milan angeuonea wivu, kwa kuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo, anayechosha huona kwa macho yake umati ukimkimbia katikati ya wimbo. Udhaifu wake ni kwamba miguu haisemi sababu. Umati uliohama unaweza kuwa umevutwa na ubeti wa manju, au na ngoma, au na mchezaji aliyeingia na chatu shingoni, na wapo watakaoshikilia kuwa ni dawa ya kuvuta watu tu. Kesho yake kijijini mshindi anajulikana, kilichompa ushindi hakijulikani.

Kwaya nazo zina namna yake. Mwanza ni mji wa kwaya, na Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro imejulikana mbali sana na ufukwe wa ziwa. Katika ibada sauti ya kwanza inapopanda ikatulia juu, hujibiwa kwa vigelegele na vitambaa vinavyopungwa, jibu ambalo ni la papo hapo na la watu wote. Walimu wa kwaya, wanaofundisha kwa noti za do-re-mi, ndio pekee katika mazingira hayo wenye msamiati wa kina, maana wao humwambia soprano kwamba ameshuka nusu noti, kwamba amevuta pumzi katikati ya neno, kwamba anaimba kwa koo badala ya tumbo. Ajabu ni kwamba msamiati huo hutumika katika mazoezi kukosoa tu; siku ya sifa ikifika, mwalimu huyo huyo husema Mungu amembariki kwa sauti, akakaa.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Unguja, ingawa una mzizi usio mbali na kanda ya Ziwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba takribani mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, baba akiwa na asili ya Unyamwezi, nchi ya ndugu na majirani wa Wasukuma, na mama akiwa na asili ya Uzigua. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, na ni vigumu kupata sifa iliyo fupi na nzito kuliko kumbadilisha mtu jina kutoka lile kwenda hili. Kabla ya kuwa mwimbaji alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti njia nzima, na husimuliwa kwamba sauti hiyo ilisikika kabla mwenyewe hajaonekana. Wasimulizi huitaja habari hiyo ili kuonyesha umaskini alikotoka. Sikio la mhakiki lingeisikia kwa namna nyingine, kwa sababu kutembea na mzigo kichwani huku mtu akinadi ni zoezi la pumzi ambalo chuo chochote cha uimbaji kingelitambua: mgongo umenyooka, shingo haijakaza, hewa inagawanywa kati ya hatua na sauti.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na watu wa taarabu. Muziki huo, uliokuzwa kwanza katika jumba la Sultani na kisha katika vilabu kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ulikuwa hadi wakati huo ukiimbwa zaidi kwa Kiarabu na wanaume, na ni Siti pamoja na wenzake, wakiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban, walioupeleka kwa watu wa kawaida kwa Kiswahili, wakiimba habari za mapenzi, za mahakama na za dhuluma, kama ile kesi ya mauaji iliyozaa wimbo wa Kijiti. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Uingereza yenye chapa ya mbwa anayesikiliza gramafoni, na kwa santuri hizo jina lake likavuka mipaka ya Unguja.

Umaarufu ulimletea washindani, na washindani wakamtungia wimbo wa kumkejeli. Walimuuliza amekuwa mtu lini, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi iliyokuwa vazi la watumwa na maskini, kisha wakahitimisha kwa kuuliza angekula nini kama si sauti. Kejeli hiyo inakumbukwa hadi leo, na mara nyingi huelezwa kama mfano wa inda. Kinachopita bila kuonwa ni kwamba, katika maneno yote yaliyowahi kusemwa juu ya Siti wakati wa uhai wake, hayo ya maadui ndiyo yaliyolenga koo moja kwa moja. Waliuvua mwili wake uzuri, wakauvua ukoo wake heshima, wakaivua hata nguo yake thamani, na walipomaliza kuvua kila kitu walikuta kimebaki kimoja ambacho hawakuweza kukigusa. Mwenyewe aliwajibu kwa wimbo uliosema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili, jibu la heshima sana, ila nalo, mtu akilitazama vizuri, liliikwepa sauti.

Shaaban Robert, mshairi wa Tanga aliyekutana na Siti katika siku zake za mwisho kabla hajafariki tarehe 8 Julai 1950, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958 na ambao bado unahesabiwa miongoni mwa vitabu vya msingi vya wasifu katika Kiswahili. Sifa zake kwa Siti ni nyingi na zimepambwa kwa lugha ambayo hakuna aliyemzidi. Ila Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mhakiki wa muziki, na Siti anayetoka katika kitabu chake ni mwanamke wa subira, wa bidii, wa tabia njema, aliyepanda kutoka unyonge hadi utukufu. Msomaji anakifunga kitabu akimheshimu Siti, naye hawezi kusema noti zake za juu zilikuwaje. Hilo si kosa la mwandishi huyo peke yake, kwani waliomfuata nao wamemwandika Siti kama mkombozi wa wanawake, kama sauti ya wanyonge, kama mama wa taarabu, na jarida la Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania likaitwa Sauti ya Siti. Katika majina hayo yote neno sauti limekuwa sitiari.

Santuri zenyewe, hata hivyo, zinasikika. Zilirekodiwa kwa maikrofoni ya umeme, teknolojia iliyokuwa imeanza miaka mitatu tu kabla, na kila upande unabeba muziki wa dakika tatu hivi, jambo lililoulazimisha wimbo ambao katika karamu ungeweza kuchukua muda mrefu ujibane na kubaki kiini. Sauti inayotoka humo ni ya juu, nyembamba, kavu kidogo, inayopita puani kwa kiasi, isiyo na ule mtikisiko mpana wa soprano wa opera. Inaingia kwenye noti moja kwa moja, bila kuitafuta kutoka chini, na mapambo yake, vile vinoti vidogo vinavyoizunguka noti kuu, huwekwa mwishoni mwa mshororo, mara chache katikati yake, ili neno liwe limekwisha kufika kabla ya urembo kuanza. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na opera. Katika mkwaruzo wote wa sindano na umri wote wa santuri, vokali za Siti zinabaki tano, kila moja na sura yake, hata anapopanda, kwa kuwa msikilizaji wake alikuja kusikia kesi, kijembe au mafumbo, na neno likipotea wimbo umepotea. Kumlinganisha na soprano wa jumba la opera la La Scala kwa ukubwa wa sauti kungekuwa kumwonea. Kwa kutamka katika noti za juu, ambako soprano wengi wakubwa duniani hushindwa, Siti anawashinda.

Uzito huo wa neno unaeleza pia utata wa sifa katika taarabu hadi leo. Anayeguswa huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani na kumtunza mwimbaji kwa noti za fedha, naye mgeni asiyejua mila anaweza kudhani fedha hiyo ni malipo ya sauti, wakati wenyeji wanafahamu kwamba pengine ubeti ule unamhusu jirani aliyeketi meza ya tatu, na mtunzaji ameununua ubeti, hakumnunua mwimbaji. Umri nao huizuia sifa isifike kooni: Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliyejifunza mengi kwa Siti na aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipata tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005, na karibu kila kilichoandikwa juu yake ughaibuni kilianza na umri wake, ambao ulidhaniwa kupita miaka 100, kisha kikaendelea na sigara zake. Hata filamu ya mwaka 2006 ya Andy Jones juu yake ilipewa jina linalohusu umri. Sauti yake nene, iliyokwaruza, yenye uwezo wa kushika noti muda mrefu kuliko mategemeo, ilistahili sentensi ya kwanza na mara nyingi ilipewa ya tano.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, mwaka ule ule Siti alipopanda meli kwenda Bombay, na bidhaa za pwani zikaweza kufika Mwanza kwa reli. Gramafoni na santuri zilikuwa miongoni mwa mali zilizotunzwa na familia zenye uwezo, na baadhi ya santuri hizo nzito zinazovunjika kama sahani zinaweza kuwa bado zimo katika masanduku ya mabibi, mijini na vijijini, zikisubiri kutupwa siku ya usafi wa nyumba. Familia yenye santuri ya namna hiyo inaombwa isiitupe, isiisugue kwa sabuni wala kuicheza kwa sindano ya kisasa, bali iihifadhi ikiwa imesimama wima, kwenye kivuli, hadi apatikane mwenye mashine ya kuinakili; maana mwenye kutaka kulihakiki koo la Siti hana ushahidi mwingine.